Tanuri Lisilokuwepo

Siku jirani yangu alipoitikia shikamoo yangu, nilijua tumeharibu.

Kwa asiyetujua lazima nieleze. Mimi ni Mshambaa wa Magoma, nimeolewa Handeni, huku Mazingara, kwa Wazigua. Jirani yangu ni Mzigua wa hapo hapo, mjane, umri wake sawa na wa mama yangu, na nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ua wa minyaa wenye upenyo wa kupita mtu mmoja. Mshambaa na Mzigua ni watani, na yule mama utani aliuchukulia kama kazi ya kuajiriwa. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumwamkia akaitika kistaarabu. Nikisema shikamoo, ananijibu, "Sishikwi miguu na mtu wa migomba mimi, utaniangusha." Au ananiuliza kama kule kwetu milimani tumeshaanza kuvaa viatu. Nami namwambia asogee nimnawishe uso, maana katika nchi yao ya kiu najua hajaona maji tangu masika. Tunacheka, kila mmoja anashika njia yake.

Asubuhi ile tulikutana kwenye upenyo wa ua. Nikasema, "Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mama," akasema. "Habari za nyumbani?"

Akapita, kanga imemfunika mabega mpaka chini, akaenda zake. Nilibaki nimesimama na ufagio mkononi. Afadhali angenitukana.

Sababu nilikuwa naijua, kwa sababu nusu saa kabla ya hapo mwanangu alikuwa ameniambia. Jana yake nilikuwa Korogwe, nimepeleka kunde zangu sokoni, na mume wangu alikuwa kwenye kikao cha kata. Binti yetu, wa darasa la pili, tulimwacha nyumbani na ugali wa mchana na maonyo ya kutosha. Niliporudi jioni nilimkuta amelala chini kwenye mkeka, amejifunika gubigubi, ananuka moshi. Nikadhani amechezea jiko. Nikasema kesho nitamshughulikia, nikalala na uchovu wangu wa safari. Asubuhi, uji ukiwa bado motoni, akaja akasimama nyuma yangu.

"Mama, nilisahau kuziba."

"Kuziba nini?"

"Tundu la bibi. La kuchomea muhogo."

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria.

Jirani yetu alikuwa anachoma mkaa. Kule nyuma ya shamba lake, karibu na korongo, alikuwa na tanuri alilolijenga mwenyewe kwa wiki kadhaa, gogo moja moja, pamoja na kijana wa kumkatia aliyemlipa kwa mahindi. Tanuri la mkaa ni kitu cha subira. Unapanga magogo, unayafunika kwa majani, juu yake unafukia udongo, unawasha upande mmoja na kuacha vitundu vidogo vya kutolea moshi. Moto haupaswi kuwaka, unapaswa kutambaa chini kwa chini siku nyingi. Ukiingiza hewa nyingi, moto unapata nguvu, na kazi yote inakuwa majivu. Kwa hiyo mwenye tanuri hakai mbali. Anazunguka na jembe na ndoo ya tope, akiona ufa anaziba.

Mwanangu alimpenda yule bibi kuliko alivyonipenda mimi, sioni aibu kusema. Alikuwa akimfuata mpaka kwenye tanuri, na bibi alimfundisha kuchoma muhogo mle: unafukua kidogo pembeni, unausukumia muhogo kwa kijiti, unafunika, unasubiri, unautoa, halafu unaziba kwa udongo uliolowa na kuupiga kwa kiganja. Muhogo wa tanuri ni mtamu, hilo nalijua, nimeula. Siku ile bibi alikuwa ameenda msibani kitongoji cha pili. Mtoto akaona njaa, akaona ugali niliomwachia hauna maana, akaenda peke yake. Alifukua kama alivyofundishwa, lakini akafukua sana. Udongo ukaporomokea ndani, moto ukamtokea usoni, naye akakimbia.

Nilienda kuangalia kabla jua halijapanda. Nilitegemea kuona tundu. Sikuona tundu, niliona tanuri zima limefumuliwa kutoka kichwa hadi mkia, udongo umetupwa huku na huku, magogo yamekuwa majivu meupe yanayopeperuka kila upepo ukipita. Vipande vya mkaa vilivyosalia visingejaza debe. Mwanangu alisimama nyuma yangu akilia bila sauti. Nilimzaba kofi moja, halafu nikashindwa kuendelea.

Sasa niseme mkaa ule ulikuwa wa nini, maana hapo ndipo palipokuwa na kisu. Ulikuwa wa trekta. Kila mwaka kabla ya masika trekta moja hutoka upande wa Korogwe, linaingia kijijini kwetu, linalima shamba hadi shamba kwa zamu, pesa mkononi kwanza, halafu linaondoka. Likishaondoka, halirudi. Jirani yangu alikuwa na ekari mbili na kifua kisichompa nafasi ya kupumua. Mwaka uliopita alilima kwa jembe la mkono, akaishia robo ya shamba, na nilikuwa namuona akija kwetu kuomba unga huku akijifanya amekuja kunitania. Mwaka huu aliapa. Alituambia wote bombani kwamba akiuza mkaa huu atalimisha ekari zote mbili, atapanda mahindi na kunde, na hatabisha hodi kwenye jiko la Mshambaa tena. Trekta lilikuwa limeshafika kitongoji cha jirani, tunalisikia likinguruma. Mkaa ulikuwa umebakiza siku chache kuiva.

Kwa hiyo mwanangu hakuunguza magogo. Aliunguza chakula cha mwaka cha mama mzima.

"Tutalipa," nilimwambia mume wangu alipokuwa anakunywa uji.

"Tutalipa nini?"

"Tanuri."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Tanuri gani?"

Hapo nilitakiwa kuelewa, na nilielewa. Mume wangu ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Kazi ya kamati ni kuhakikisha hakuna anayechoma mkaa bila kibali, na yule mama kibali hakuwa nacho, wala ndugu yake, wala nusu ya watu wanaouza mkaa barabarani. Kwenye mkutano wa kijiji mume wangu alikuwa amesimama, mbele ya mtendaji na watu wote, akasema kitongoji chetu ni safi, hakuna tanuri hata moja. Alisema hivyo huku chakula chake cha mchana kikiiva kwa mkaa wa jirani, nilioununua mimi kwa mkono wangu.

"Nikilipa," akasema, "nakiri nilijua lipo. Watanitoa kwenye kamati, na hilo dogo. Yeye watampiga faini. Kitu kisichokuwepo hakiungui, mama watoto. Mwache apumzike."

"Na shamba lake?"

"Kwani mimi ndiye niliyemwambia achome mkaa? Na nani aliyemfundisha mtoto kuchoma muhogo mle? Si yeye mwenyewe?" Kisha akasema neno lililoniingia na likakaa. "Halafu fikiria. Mtu aliyezaliwa na tanuri, anakuta tundu moja, anashindwa kuziba? Jembe lipo, tope lipo. Amezembea, sasa tubebe sisi?"

Nilitaka kumjibu vibaya, maana mdomo ninao na yeye anaujua. Lakini neno lile lilikuwa na ukweli. Tundu huzibwa. Hata mwanangu alijua tundu huzibwa.

Hata hivyo sikuweza kukaa. Mchana ule nilipima mchele, debe zima, mchele mzuri wa kwetu Magoma niliokuwa nao wa biashara, nikajitwisha, nikamshika mtoto mkono, nikapita kwenye upenyo wa ua. Niseme ukweli kwamba sikwenda kwa unyenyekevu. Nilikwenda kwa hasira: hasira kwa mume wangu, hasira kwa mtoto, na hasira kwa yule mama aliyeniitikia marahaba. Nilitaka nitue mzigo, niombe radhi, nipumue.

Uani kwake kulikuwa na wageni, wanawake wawili waliotoka naye msibani na dereva wa bodaboda anayewapakia watu mkaa. Nikamsukuma mtoto mbele, nikatua debe, nikasema kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha, "Mama, tumekuja kukuomba radhi kwa ajili ya lile tanuri."

Wageni wakageuka wote kwa pamoja.

"Tanuri gani?" akauliza yule mama, sauti yake kavu.

Kwa mara ya pili siku moja naulizwa tanuri gani. Nikafungua mdomo nifafanue, naye akanyanyuka, akaniashiria kwa kidevu niingie ndani. Tulipokuwa gizani nyuma ya pazia akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake inavyokwaruza.

"Umekuja kulipa au umekuja kunishitaki?"

"Nimekuja kulipa, mama."

"Mbele ya watu? Yule mmoja ni shemeji wa mtendaji. Kesho mtendaji atakuja hapa kuniuliza nimechoma wapi, kwa kibali cha nani, na mumeo atasimama wapi? Mumeo atasimama upande wake." Akakohoa. "Chukua mchele wako. Mimi sidai mtu. Yameisha."

"Hayajaisha. Trekta..."

"Nimesema yameisha, mama."

Tena mama, si mtani. Akatoka, nikamsikia akiwaambia wageni, "Huyu ameniunguzia sufuria langu, analiita tanuri. Washambaa nao." Wakacheka kidogo. Nami nikatoka na debe langu kichwani, uso unawaka, mtoto ananifuata nyuma. Aibu ile ilinielemea kuliko ule mchele.

Neno yameisha, kwetu, lina sura mbili. Kama umetoa kitu na mtu amepokea, yameisha maana yake yameisha. Kama hajapokea, maana yake ni kwamba ameyaweka mahali, na hujui ni wapi. Siku zilizofuata niliogopa, na sioni haya kusema niliogopa. Mtoto akipiga chafya nilimgusa shingo kuona kama ana homa. Kuku mmoja akafa, nikamchoma mzima na manyoya yake badala ya kumtupa. Mume wangu aliniona, akasema, "Nawe sasa unaota," lakini jioni ile na yeye alimkagua mtoto macho. Mwanangu mwenyewe alikuwa hapiti tena kwenye ule ua. Alikaa mlangoni anaangalia upande wa bibi yake, na nikimpa muhogo anasema ameshiba.

Na kila usiku neno la mume wangu lilirudi: mbona hakuziba? Kila nikimwonea huruma yule mama, neno lile linaipunguza. Mara nyingine nilijikuta nimeshafika upande wake, nasema kweli, kwa nini tubebe mzigo wa mtu mzima aliyezembea, na asubuhi nikimwona yule mama akienda shambani na kajembe kake kabla ya jua, nakuwa upande mwingine tena. Alikuwa anarudi mapema sana. Nikienda kuangalia kazi aliyofanya, ilikuwa eneo la kutandika mikeka miwili.

Trekta likafika kitongojini kwetu.

Mimi nilikuwa nimelipia ekari tatu tangu mwezi uliopita, kwa pesa yangu ya kunde na mchele, pesa ambayo mume wangu hakutia hata senti. Zamu yetu ilipokaribia nilimwambia, "Ekari mbili atalima jirani. Sisi tutalima moja, zilizobaki tutapiga jembe."

"Watu watauliza kwa nini."

"Waulize."

"Wakiuliza, utasema nini? Utasema tanuri?" Alikuwa hafoki, na hilo ndilo lililonichosha. "Umeshajaribu mara moja, ukakaribia kumpeleka kwenye faini. Mama watoto, wewe unataka moyo wako utulie. Yeye anataka aachwe."

Maneno hayo nililala nayo, nikaamka nayo, na trekta lilipoingia shambani kwetu nilikuwa bado nayo.

Watu walikuwepo wengi, kama kawaida ya siku ya trekta. Wengine wanasubiri zamu, wengine wamekuja tu kuangalia udongo unavyogeuka. Mtendaji wa kijiji alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kivulini, anaongea na mume wangu mambo ya mpaka wa malisho. Shamba la jirani linapakana na letu, na yeye alikuwa amesimama kwenye mpaka, mikono ndani ya kanga, anatazama. Hakuwa na wivu usoni. Alitazama vile mtu anavyotazama gari lililomwacha stendi.

Dereva akashusha majembe ya trekta. Nikajikuta nimesimama mbele yake.

"Kaka, anzia kule," nikasema, nikaonyesha ng'ambo ya mpaka.

"Kule hakuna aliyelipa, mama."

"Nimelipa mimi. Ekari zangu mbili, lima kule."

Dereva akamtazama mume wangu. Watu wote wakamtazama mume wangu. Injini inanguruma, dizeli inaungua, dereva anasonya. Mtendaji akashuka kwenye pikipiki.

"Vipi, mama? Kuna mauziano hapa? Kuna deni?"

Mume wangu alikuwa amekauka, midomo imepauka, na nilijua anachoona: mkutano, watu, yeye amesimama akisema kitongoji ni safi. Ng'ambo ya mpaka yule mama alianza kutikisa kichwa, polepole, ananiambia bila maneno nisifanye. Nami nilikuwa nimeshafanya. Mtendaji akapiga hatua moja tena, na hasira yangu, ile ile inayoniponza kila siku, ikapanda mpaka kichwani na kutoka kwa mdomo.

"Deni gani? Nimechoka!" nikapiga kelele, nimemgeukia yule mama. "Nimechoka kila asubuhi kumtazama Mzigua anachakura ardhi kama kuku! Siku mbili zijazo atakufa na njaa, na mkishaona amekufa mtaniita mimi mtani wake nije nihangaike na maiti. Mimi jeneza la Mzigua silibebi, ni zito kwa maneno yaliyomjaa! Bora nimlimie akiwa hai, nipumzike!"

Utani ni utani pale tu anayetaniwa anapoupokea. Asipoupokea ni tusi, na hili lingekuwa tusi la kumtajia kifo mjane mgonjwa mbele ya umati. Nilimwona anavyonitazama. Alikuwa na uwezo wa kugeuka aende zake, na mtendaji angeanza kuuliza upya. Alikuwa na uwezo wa kulia. Kifua chake kilipanda na kushuka mara kadhaa.

Halafu akasema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani, "Mwacheni. Mshambaa ameona ardhi tambarare kwa mara ya kwanza, amepagawa. Kwao wakilima, mbegu zinaporomoka mpaka kwa jirani." Akamgeukia dereva. "Lima, baba. Mali ya mtani haina mwenyewe. Ningekuwa na nguvu ningemnyang'anya na trekta lenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Mtendaji naye akacheka, akarudi kwenye pikipiki yake akitikisa kichwa, maana mtu mwenye akili zake haingii kati ya watani. Mume wangu akameza mate. Kisha akanyanyua mkono, akamwambia dereva, "Ekari mbili. Lima vizuri mpaka pembeni." Hakunitazama, lakini alitembea mbele ya trekta mwenyewe, akaondoa kisiki kilichokuwa njiani.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika na trekta limehamia kwa wengine, nilivuka mpaka. Udongo ulikuwa umegeuzwa wote, mwekundu, mzito. Yule mama alikuwa anazunguka akiondoa mizizi kwa mguu, anaisukumia pembeni. Mwanangu alikuwa ng'ambo, kwenye shamba letu, anakusanya kuni, bado haamini kama anaruhusiwa kuja.

Tulitembea pamoja. Nilipaswa kuridhika, lakini mimi sijaumbwa hivyo. Lile swali lilikuwa limenikaa kooni siku zote zile, na sasa kwa kuwa tumelipa nikaona nina haki nalo.

"Mtani," nikasema, "nikuulize kitu. Kwa nini hukuziba? Lilikuwa tundu moja tu."

Akasimama. Hakukasirika. Aliangalia upande wa korongo.

"Nilirudi msibani jua linazama," akasema. "Nikaona moto. Nikachukua jembe, nikachukua ndoo, nikaenda kuziba. Pale ukingoni nikakuta ndala yake. Moja. Upande mmoja imeyeyuka. Na udongo umeporomoka umeingia ndani."

Nikageuka nami kulitazama korongo.

"Nikamwita. Hakuitika. Nikamwita tena, nikaita mpaka sauti ikakatika, hakuitika." Akavuta pumzi. "Sasa ningeziba nini, mwanangu? Ningemfukia?"

Nikachuchumaa juu ya udongo uliolimwa.

"Nikafumua. Nikafumua kwa jembe, nikaogopa jembe litamkata, nikaliacha. Nikafumua lote mpaka mwisho. Hakuna kitu. Ndipo nikakimbia kwenu. Mlango ulikuwa wazi, hamjarudi, nikachungulia, nikaona nyayo zake zimetokeza chini ya kanga. Nikazishika. Zilikuwa na joto. Nikarudi kwangu nikakaa chini, tanuri limeshawaka lote."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niseme nini? Niseme nilimtafuta mwanao kwenye majivu? Maneno hayo hayasemwi juu ya mtoto aliye hai. Hata leo nimeyasema kwa sababu umeuliza. Na utani ungetoka wapi? Kila nikikuona, naiona ile ndala."

Akatoa mikono ndani ya kanga ili atupe mzizi mmoja uliomshinda kwa mguu, na nikaviona viganja. Ngozi ilikuwa imeanza kufunga, nyekundu na kujikunja, vidole viwili haviwezi kunyooka. Siku zote zile nilikuwa namwangalia usoni, natafuta kinyongo.

Nilikuwa nimemletea ekari mbili. Niliziangalia zote, zimelimwa mpaka pembeni, na sikujua niziweke wapi.

Nikamgeukia mwanangu ng'ambo ya shamba, nikamwita kwa jina lake, kwa nguvu zangu zote, wala sikuwa na la kumwambia. Yule mama aliacha kazi, akashika kifua chake, akasikiliza pamoja nami.

"Abee, mama!" mtoto akaitika.

"Mwite tena," akasema jirani yangu.

Nikamwita tena.